Foleni: Neno la Gwaride Lililogeuka Zamu ya Raia

Maneno ya Kiingereza yaliyohamia katika lugha yetu ya Kiswahili hayakupita mlango mmoja. Yapo yaliyopita mlango wa shule, kama penseli na rejista. Yapo yaliyopita mlango wa duka na karakana, kama soketi na spana. Na yapo yaliyopita mlango wa kambi ya jeshi. Haya ya mwisho ndiyo tusiyopenda sana kuyataja sisi walimu, kwa kuwa asili yake yatukumbusha amri na viboko. Makala haya yanakusudia kulichunguza neno moja tu la kundi hilo, nalo ni foleni.

Sababu ya kulichagua neno hili ni mahali tulipo. Hapa Mvara, na katika mji wote wa Arua hadi Koboko kule kaskazini, Kiswahili kimekuwa kwa miaka mingi na sifa ya lugha ya askari. Mzazi akisikia kwamba mwanawe anafundishwa Kiswahili, huenda akakumbuka bunduki kabla ya kukumbuka kitabu. Hofu hiyo ina historia yake, wala haifai kuidharau. Lakini hofu haiondolewi kwa kuificha historia. Huondolewa kwa kuieleza. Basi na tulitazame neno hili, tuone limetoka wapi na limefika wapi.

Asili ya Neno

Foleni ni amri ya Kiingereza iliyoumbwa upya kwa ulimi wa Kiswahili. Katika jeshi la Waingereza, mkuu wa gwaride anapotaka askari waache walichokuwa wakikifanya na waje kujipanga, hupaaza sauti: "Fall in!" Maneno mawili hayo hutamkwa kwa pumzi moja, na asiyejua Kiingereza huyasikia kama neno moja. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, kwa hiyo irabu ikaongezwa mwishoni, na umbo likatulia kuwa foleni.

Jambo la aina hii si geni duniani. Katika jeshi la Waingereza kule India, mlinzi wa usiku aliyemwona mtu gizani alitakiwa kuuliza kwa Kiingereza, "Ni nani ajaye?" Walinzi wa Kihindi waliyageuza maneno hayo ya Kiingereza yakawa "hukumdar", na yakazoeleka hivyo. Askari hujifunza amri kwa sikio na kwa miguu kabla ya kuijua kwa maana. Aliyesikia amri yapaswa atende kwanza, aulize baadaye, kama nafasi ya kuuliza ipo.

Umbo la foleni lina bahati nyingine ambayo mwalimu wa sarufi hataiacha ipite. Mwisho wake wafanana na kiambishi chetu cha mahali, -ni, kilichomo katika nyumbani, shambani na sokoni. Hakuna kitu kiitwacho "fole", lakini sikio la Mswahili halikushtuka. Twasema "yuko foleni" na "amesimama foleni" kama tusemavyo "yuko sokoni" na "amesimama mlangoni". Hapohapo neno hili ni nomino kamili ya ngeli ya I-ZI: foleni hii ni ndefu, foleni hizi ni ndefu. Neno la kigeni likipata nafasi mbili kama hizo katika sarufi, mara nyingi halirudi tena kwao.

Kambi Iliyolileta

Kiswahili cha kambini kina tabaka mbili za maneno. Tabaka ya juu ni ya Kiingereza: koplo, sajini, kapteni, meja, na kuruta, yaani askari mpya. Tabaka ya chini ni ya kale zaidi, nayo yatokana na jeshi la Misri lililotawaliwa kwa Kituruki: ombasha, shaushi, na efendi, ambalo leo latamkwa afande kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam. Tabaka hii ya chini inatuhusu sana sisi wa West Nile, kwani sehemu ya njia yake ilipita hapa.

Jimbo la Ikweta, lililotawaliwa na Emin Pasha kwa niaba ya serikali ya Misri, lilitengwa na makao makuu baada ya Mahdi kuiteka Sudani. Emin alipoondoka mwaka 1889, askari wake wengi walibaki nyuma. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua kuitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Hao ndio waliokuja kuitwa Wanubi. Mwaka 1897 waliasi kwa sababu ya mishahara duni na safari zisizokwisha, na maasi yao yakazimwa kwa damu nyingi. Hata hivyo, Uingereza ilipounganisha majeshi yake ya Afrika Mashariki na ya Kati mwaka 1902 na kuunda King's African Rifles, maarufu kwa jina la KAR, Wanubi walikuwa miongoni mwa nguzo za kikosi cha Uganda. Lugha ya kikosi hicho hapo mwanzo ilikuwa Kinubi, yaani Kiarabu cha kambini. Baadaye Kiswahili kikashika nafasi yake.

Wakati huo nchi yetu hii haikuwa bado sehemu ya Uganda. Ilikuwa katika eneo la Lado lililoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi kufa kwake. Mwaka 1910 ikapewa Sudani, na mwaka 1914 West Nile ikaunganishwa na Uganda, na boma likajengwa Arua. Wamisionari wa African Inland Mission walifika mwaka 1918 na kuweka makao yao Mvara. Tangu hapo njia mbili za elimu zilisimama hapa. Moja ilikuwa ya misioni, iliyofundisha kusoma kwa Kilugbara. Ya pili ilikuwa ya jeshi, iliyofundisha kwa Kiswahili. Vijana Walugbara, Wakakwa na Wamadi ambao hawakwenda kulima miwa katika mashamba ya Kakira na Lugazi, wengi wao walikwenda KAR.

Katika KAR mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili, lakini miito ya gwaride ilibaki ya Kiingereza. Kwa hiyo kuruta aliyetoka Koboko alijifunza lugha mbili kwa siku moja: Kiswahili cha kumwelewa sajini wake na Kiingereza cha kuipigia miguu. Miongoni mwa maneno ya kwanza aliyoyasikia alfajiri lilikuwa lile la kuitwa kwenye mstari.

Vita vya Pili vya Dunia viliupanua mlango huu kupita kiasi. Watu zaidi ya 300,000 wa Afrika Mashariki walitumikia jeshi katika miaka hiyo, wakapigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Waliosalimika walirudi vijijini na malipo kidogo, makoti ya kaki na msamiati mpya. Kaki lenyewe ni neno lililotoka India kwa maana ya rangi ya vumbi, likaingia Kiingereza kwa njia ya jeshi, kisha likaingia kwetu. Leo bahasha ya kaki haimkumbushi mtu vita. Vivyo hivyo foleni.

Mageuzi Matatu

Ndugu msomaji, twaweza kuyagawa mageuzi ya neno hili katika sehemu tatu.

Mageuzi ya kwanza ni ya kisarufi. Lililokuwa tendo la kuamrishwa likawa jina la kitu. Mwenye amri akatoweka, mstari wenyewe ukabaki. Baada ya uhuru, majeshi na shule zetu ziliigeuza miito mingi kuwa Kiswahili safi: mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka. Lakini foleni haikuwa tena ya jeshi hata ikahitaji kutafsiriwa. Ilikwisha hamia mitaani.

Mageuzi ya pili ni ya umbo la mstari. Askari walioitwa gwarideni husimama bega kwa bega, nyuso zao zikimwelekea mkuu wao. Mstari huo upo kwa ajili ya mtazamaji: mkuu awaone wote kwa mara moja, ajue nani hayupo na nani hakufunga kifungo. Foleni ya raia ni kinyume chake. Watu husimama mmoja nyuma ya mwingine, na macho yao yameelekea kitu wanachokitaka, kiwe ni dirisha la karani, bomba la maji au mlango wa daktari. Mstari uligeuzwa ukatazama upande mwingine, na neno likabaki lilelile.

Mageuzi ya tatu ndiyo makubwa zaidi. Gwarideni nafasi ya mtu hupangwa kwa cheo na kwa kimo. Foleni nafasi ya mtu hupangwa kwa saa aliyofika. Tajiri aliyefika wa kumi ni wa kumi, na mjane aliyefika wa kwanza ni wa kwanza. Maana ya zamu, ambayo haikuwamo katika amri ya Kiingereza, ilitiwa ndani ya neno na watu wenyewe walipokuwa wakilitumia.

Hapo ndipo foleni inapotengana na majirani zake. Safu, neno letu lenye asili ya Kiarabu, latufaa kwa waumini wakiswali na kwa wachezaji uwanjani, na halina haja ya zamu. Mstari waweza kuwa wa wino katika daftari. Msururu na mlolongo huonyesha urefu na mfuatano, hata wa siafu njiani. Lakini siafu hawana foleni, kwa sababu hakuna anayengoja apate haki yake kabla ya mwenzake. Ndiyo maana twasema mtu amepanga foleni, ameshika foleni, au ameruka foleni. Kuruka mstari wa chaki ni mchezo wa watoto. Kuruka foleni ni dhuluma.

Wazee wetu walijua kabla ya neno hili kuja kwamba afikaye kisimani mapema hunywa maji yasiyotibuliwa. Lakini walijua pia kwamba "mwenye nguvu mpishe". Methali hiyo ya pili ndiyo foleni inayoipinga.

Neno Katika Shida na Katika Kura

Neno lilipata kazi nyingi zaidi wakati wa dhiki. Tanzania, baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, ilipita katika miaka migumu ya uhaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni na unga vilipatikana kwa kupanga foleni tangu alfajiri, na foleni na ulanguzi yakawa maneno mawili yanayotajwa pamoja: la kwanza njia ya wengi, la pili njia ya wachache. Siku hizi, Dar es Salaam, mtu akisema amechelewa kwa sababu ya foleni, wote hufahamu kwamba ni ya magari. Hapa pana kiasi cha mzaha, maana katika foleni ile ya barabarani anayefika kwanza si lazima aliyetangulia.

Nchi zetu zimejaribu pia kuutumia mstari kupiga kura. Nchini Kenya, katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU mwaka 1988, wapiga kura walitakiwa kujipanga hadharani nyuma ya mgombea waliyemtaka. Wakenya wakauita uchaguzi huo mlolongo, na wengi walilalamika kwamba wenye mistari mifupi ndio waliotangazwa washindi. Chama kikauacha utaratibu huo mwaka 1990. Hapa Uganda mabaraza ya mwaka 1989 yalichaguliwa kwa kujipanga nyuma ya wagombea, na wenyeviti wa vijiji walichaguliwa hivyohivyo tarehe 10 Julai 1992? La, hesabu hiyo si ya kubahatisha: ni tarehe 10 Julai 2018, na watu wa mitaa ya Arua walisimama mistarini kama wenzao wa nchi nzima.

Ni halali kuuliza kama mstari wa namna hiyo waweza kuitwa foleni. Wapo wasemao kwamba ni wa haki kuliko sanduku, kwa kuwa kila mtu ahesabu kwa macho yake. Wapo wasemao kwamba mtu maskini hawezi kusimama hadharani kinyume cha aliyemkopesha mbegu. Kwa upande wa lugha jibu ni rahisi kidogo. Mstari ule haungoji zamu, bali unatazamwa na kuhesabiwa. Kwa tabia yake umerudi karibu na gwaride, na pengine ndiyo sababu Wakenya waliuita mlolongo na hawakuuita foleni.

Kiswahili na Kumbukumbu ya West Nile

Sasa turudi nyumbani. Watu wa Uganda mara nyingi husikia neno layini zaidi ya foleni, na hili lina maelezo yake. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kienezwe katika shule nyingi za Uganda, lakini Kabaka Daudi Chwa na wakuu wa misioni walipinga. Kufikia miaka ya 1950 lugha hii ilikuwa imeondolewa katika orodha ya lugha za shule, ila ikaachwa katika jeshi na polisi. Lugha iliyofukuzwa darasani ikabaki na mwalimu mmoja tu, naye ni sajini. Tusistaajabu basi kwamba raia waliijua kwa sauti ya sajini.

Idi Amin, mwenye asili ya Koboko, aliingia KAR mwaka 1946, akapewa cheo cha efendi mwaka 1959, na kutwaa serikali tarehe 25 Januari 1971. Mwaka 1973 alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo halikufuatwa na vitabu wala walimu wa kutosha, nalo lilitoka katika mdomo uleule uliotoa amri za kuua. Hata watu wa West Nile hawakusalimika. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, aliuawa mwaka 1974.

Amin alipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, watu wetu walilipishwa deni lisilokuwa lao. Tangu Oktoba 1980 majeshi ya serikali mpya yaliingia West Nile kwa kulipiza kisasi, na tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misioni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humo. Watu kwa maelfu walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudani. Waliowaua na waliowakimbia, wengi wao walikuwa na Kiswahili kilekile vinywani. Na huko ugenini, aliyekuwa chifu na aliyekuwa mchungaji wa mbuzi walisimama katika mstari mmoja wa kugawiwa mahindi na mafuta. Hapo neno lilikuwa limefika mbali sana na uwanja wa gwaride.

Wengi walirudi katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Miongo mitatu baadaye mambo yakageuka. Wakimbizi wa Sudani Kusini walipofurika mwaka 2016 na 2017, walipokewa Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi, na Wakongo walikwisha pokewa Lobule, wilayani Koboko. Katika visima vya huko madumu ya njano hupangwa kuanzia alfajiri, kila dumu likimwakilisha mwenyewe aliyekwenda kutafuta kuni. Ukaguzi wa foleni hiyo hauhitaji bunduki. Watu wa kabila hili na lile, wasioelewana kwa lugha, huelewana kwamba dumu lililotangulia ndilo litakalojazwa kwanza.

Hitimisho

Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo watoto wa Mvara watakisoma. Swali lililobaki ni watakisoma kwa sauti ya nani.

Nashauri walimu wenzangu tusianze kwa kuwaambia wazazi kwamba Kiswahili hakikuwa lugha ya kambi. Kilikuwa, pamoja na kuwa lugha ya washairi wa pwani, ya wafanyabiashara, na ya waliodai uhuru. Tuwaonyeshe badala yake jinsi watu wasio na cheo walivyolichukua neno la amri, wakaliondolea mwenye kuamuru, na kulitia haki ndani yake. Darasani zoezi ni jepesi: wanafunzi watunge sentensi kwa safu, mstari, msururu na foleni, kisha waeleze kwa nini moja haliwezi kukaa mahali pa jingine. Wakifika kwenye zamu, wamefika kwenye kiini.

Tena tuwakumbushe kwamba maana ya neno haikai yenyewe bila walinzi. Kila mara mtu mwenye sare au mwenye fedha apitapo pembeni hadi dirishani, na waliotangulia wakanyamaza, foleni hurudi kuwa gwaride: watu wamepangwa, lakini si kwa faida yao. Mtoto anayesema kwa adabu, "Samahani mzee, sisi tumetangulia," amelielewa neno hili kuliko aliyelikariri katika kamusi.